Mhariri, yule binti hawezi kufika jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu. Najua mna barua za maji, za umeme, za nauli, hii yangu ni ya ramani ya nchi ambayo haipo duniani, kwa hiyo hata ukiiweka chini kabisa pembeni ya matangazo ya viwanja sina neno. Ila usiikate katikati, maana hesabu ikikatwa katikati inakuwa kama hiyohiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ni kuhusu hadithi yenu ya Jumapili, ile ya binti anayebeba barua ya mfalme kutoka bandarini mpaka mji wa juu. Naisoma toka sehemu ya kwanza, naikata kwa mkasi naiweka kwenye faili, mke wangu shahidi. Sasa sehemu ya sita mkatuwekea na ramani ya nchi yenyewe, nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu, nikavuta rula. Chini ya ramani pameandikwa 1:1,000,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni kilomita kumi za ardhi. Nikapima bandarini mpaka mji wa juu, sentimita 14 kamili. Kilomita 140! Na hiyo ni kwa mwendo wa ndege, hujaweka kona wala mlima. Halafu mwandishi anatuambia binti alimaliza chai ya asubuhi, akajifunga kanga, akatembea kwa mguu, akaingia mji wa juu kabla taa hazijawashwa. Mhariri wangu, kilomita 140 ni utoke Dar, uipite Kibaha, uipite Chalinze, na bado unaenda. Kwa mguu, kwa siku moja, tena amefika hajachoka anaanza kubishana na walinzi getini. Huyo ni binti au ni bodaboda?

Nikasema labda mchapaji kakosea sifuri moja, yanatokea. Lakini mi nna duka la stesheneri hapa Morogoro, fotokopi, kuprinti, kulamineti, madaftari ya shule, na kitu kimoja ambacho fotokopi imenifundisha ni kutoiamini namba ya kipimio kwenye ramani iliyokwisha kunakiliwa. Kwa hiyo nikaangalia vizuri. Mchoraji wenu, Mungu ambariki, alichora na mistari ya latitudo, nyuzi 4 kusini na nyuzi 5 kusini. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, popote ulipo, hiyo haina mjadala. Kwa kipimio cha 1:1,000,000 hiyo mistari miwili ilitakiwa iachane sentimita 11 na ushee. Nikapima kwenye gazeti, nikapata sentimita 6 na milimita 7. Si ndo nikajua kilichotokea. Mchoraji alichora kwenye A4 yake nyumbani, kipimio chake kilikuwa sahihi kabisa, akawaletea, nyie mkaipunguza mpaka asilimia 60 iingie kwenye safu zenu, lakini maneno ya chini mkayaacha vilevile. Picha ikipungua namba haipungui. Kipimio cha kweli cha ramani iliyotoka gazetini ni kama 1:1,670,000, na zile sentimita 14 si kilomita 140 tena, ni 233. Nilikuwa namtetea yule binti kumbe namwongezea safari.

Hili la kupunguza naliona kila siku dukani. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakuja na ile karatasi ya ramani ya mitihani, ya 1:50,000, kubwa, haiingii kwenye mashine, wanasema we punguza tu. Napunguza. Wanaenda nayo nyumbani wanapima barabara kwa uzi kama walivyofundishwa, wanazidisha kwa nusu kilomita kila sentimita, majibu yanakataa, wanakuja kunilaumu mimi na mashine yangu. Siku hizi kabla sijabonyeza nawachorea mstari kwa penseli pembeni ya ramani, sentimita kumi, naandika kilomita 5, ndo natoa kopi. Mstari ukipungua unapungua na ramani yake, wanakwenda pamoja kama mtu na kivuli. Hicho ndo kipimio cha mstari, na ndo hicho mlitakiwa mkiweke, tena hata mtu akipiga picha kwa simu akaituma kwenye grupu na wenzake wakaivuta kwa vidole iwe kubwa, mstari unaendelea kusema kweli wakati ile namba ya uwiano inakuwa porojo.

Basi, hilo la kwenu nimelimaliza. La mwandishi ndo refu.

Niseme ukweli wangu, na mimi ninayo nchi. Inaitwa Ukambare, kwa sababu ziwa lake la katikati limekaa kama kambare aliyejikunja, na nimeanza kuichora nikiwa darasa la tano nyuma ya daftari la hesabu. Nimekua nayo. Nilipokuwa utingo kwenye malori ya Dar mpaka Tunduma nilikuwa naichora kwenye maboksi ya matairi tukisubiri mizani, na saivi naichora kwenye karatasi zinazoharibika dukani, upande mmoja una barua ya mtu ya kuomba kazi, upande wa pili una wilaya ya Ukambare Kusini. Watu wananicheka, nimezoea. Kule Marekani, Michigan, kuna bwana anaitwa Jerry Gretzinger alianza kuchora mji wa kubuni mwaka 1963 na karatasi zake zikapita 3,000, kwa hiyo mi nna hali nzuri tu. Na watoto wa ile familia ya waandishi ya Brontë wa Uingereza, miaka ya 1820 na 1830 huko, walibuni nchi yao wakaenda kuiweka pwani ya Afrika Magharibi, kana kwamba huko hakukuwa na wenyewe. Ukambare mi nimeiweka kwenye maji matupu, Bahari ya Hindi, kwa adabu.

Sasa katika miaka yote hiyo kosa ninaloliona kwa kila mtu anayechora nchi ya kubuni, na mi mwenyewe nimelifanya mpaka nikalia, ni kuchora kwanza halafu kipimio kinakuja mwisho kama chumvi ya kuonja. Mtu anachora pwani, anachora mito, anaweka miji, anapaka rangi, ikishapendeza anatafuta namba ya kuandika chini, anachagua milioni moja kwa sababu inasomeka vizuri. Kipimio unakianza na miguu ya watu wa nchi hiyo. Unajiuliza huyu mtu wa hadithi yangu anasafiri na nini, anabeba nini, analala wapi. Ukishajua hilo ndo unajua nchi inatakiwa iwe na ukubwa gani na karatasi itabeba kiasi gani.

Tumchukue binti wenu. Ana barua moja tu na kanga, kijana, barabara nzuri. Siku nzima ya kutembea, tumpe kilomita 30, akijikaza sana. Kwenye ile A4 ya mchoraji bandari na mji wa juu viliachana sentimita 23 na kidogo. Ukitaka sentimita 23 ziwe mwendo wa siku moja inabidi kipimio kiwe kama 1:125,000, sentimita moja kwa kilomita moja na robo. Haya, tuseme mwandishi kakubali. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, kwa kipimio hicho inabeba kilomita 26 kwa 37, eneo lote halifiki kilomita za mraba 1,000. Hiyo ni Pemba. Nchi nzima ni Pemba, na kipande chake ni bahari! Lakini mwandishi huyohuyo ametuambia humo ndani kuna jangwa, kuna mlima wenye theluji, kuna majeshi matatu yanayotafutana bila kuonana, na mfalme anatawala watu milioni 40. Majeshi matatu yatafutane Pemba bila kuonana? Asubuhi tu wangeshasikia majogoo ya wenzao.

Basi turudi kwenye 1:1,000,000 ya mchoraji. A4 inabeba kilomita 210 kwa 297, eneo kama kilomita za mraba 62,000, hiyo ni Rwanda na Burundi ukiziunganisha na bado unabaki na kipande. Hapo jangwa dogo linaingia, mlima unaingia. Ila wale milioni 40 ukiwagawa unapata watu 640 kwa kila kilomita ya mraba. Rwanda kwenye sensa ya 2022 walikuwa milioni 13.2 kwenye kilomita za mraba 26,338, yaani kama 500, na aliyewahi kupita Rwanda anajua pale hakuna mahali utasimama kando ya barabara ujisaidie bila mtu kukusalimia. Sasa mwandishi anasema binti alivuka pori siku nzima hakukutana na mtu! Na nchi imejaa kuliko Rwanda! Ndo maana nasema ukubwa wa nchi, idadi ya watu na safari ya mtu ni kitu kimoja, huwezi ukatengeneza kimoja ukaacha vingine.

Kwa mtazamo wangu nchi ibaki kubwa na binti atembee. Kilomita 233 za mstari mnyoofu, ongeza theluthi hivi kwa kona na kuzunguka vilima, zinakuja kilomita 300. Kwa kilomita 25 kwa siku, maana siku ya pili miguu si ileile ya siku ya kwanza, ni siku 12. Siku 12! Mhariri, hujui mwandishi amepoteza hadithi kiasi gani hapo. Alilala wapi siku ya nne? Alikula nini? Kanga ililowa wapi? Barua aliificha vipi usiku?

Watu wetu wa zamani walijua hii hesabu kwa nyayo. Ile njia ya misafara ya Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200, wapagazi wanabeba frasila mbili mbili kichwani, yaani kilo thelathini na ushee, kilomita kumi na tano kwa siku ni mwendo mzuri, ukigawa unapata siku 80 kama hakuna kupumzika, kuumwa, hongo (ule ushuru wa kupita kwa machifu), mvua, na vyote hivyo vilikuwepo. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo Machi 1871 akaingia Ujiji mwaka unakaribia kuisha, si kwamba njia ilirefuka, ni Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa amefunga barabara kwa vita upande wa Tabora na yule bwana akakaa miezi halafu akazunguka kusini. Halafu Wajerumani wakajenga reli, wakaanza Dar 1905 wakafika Kigoma 1914, ardhi ni ileile, miezi ikawa siku. Na saivi treni ya umeme Dar mpaka Dodoma haimalizi saa nne njiani. Sentimita kwenye ramani haijasogea hata moja. Kwa hiyo mwenye nchi ya kubuni asiseme tu mji fulani uko mbali, aseme mbali kwa nani na mwaka gani. Mi Ukambare nina karatasi ya pembeni, nimeandika mwendo wa kutwa kwa mguu, kwa punda, kwa mtumbwi kufuata mkondo na kupanda mkondo, na kwa lori wakati wa masika na wakati wa kiangazi, hizo mbili za mwisho naongea kwa uzoefu, sitaki mtu anibishie.

Tena kuna kipimio cha tatu ambacho darasani hawafundishi, kipimio cha "hapo tu". Tuliharibikiwa na lori siku moja, dereva akanituma kijijini kutafuta fundi mwenye spana kubwa, nikamkuta mzee anachunga mbuzi, nikamwamkia, nikamuuliza babu kijiji kiko mbali? Akanyoosha kidevu, "hapo tu mjukuu wangu, nyuma ya kale kamlima." Ilikuwa saa nane mchana. Nimefika magharibi inaadhiniwa. Mzee hakunidanganya, yeye ile ni hapo tu. Nilipoanza kuandika majina ya vijiji vya Ukambare vya milimani nikavitenganisha kilomita 12 mpaka 15, na vya bondeni kwenye mpunga kilomita 3 mpaka 4, na soko nikaliweka mahali ambapo mama anaweza kwenda na tenga kichwani na kurudi jua halijazama, kama kilomita 8 au 10 si zaidi. Ukifanya hivyo miji inajipanga yenyewe, we unafuata tu. Ramani ya hadithi yenu ina miji minne tu, yote pembezoni, na katikati weupe mtupu, halafu watu milioni 40. Wanaishi hewani?

Sasa nije kwenye aibu yangu, nimeahidi ukweli. Pwani ya Ukambare. Kuna mteja aliwahi kuniletea vipande vya ramani ya Pemba vya 1:50,000 nimtolee kopi, nikavipenda, ile pwani ya magharibi ya Pemba we acha tu, imekatikakatika, vijito vya mikoko vinaingia ndani, visiwa vidogo vimetapakaa kama mtu kamwaga kunde. Nikainakili kwa karatasi ya kupitishia mwanga, nikaunganisha vipande, kwenye karatasi inafika mita moja na sentimita 34 hivi, maana Pemba ni kilomita 67 kwa urefu. Nikasema hii ndo pwani ya Ukambare, na Ukambare ina pwani ya kilomita 900. Nikapaka bluu. Miezi mitatu nafanya kazi hiyo.

Siku moja nimekaa nachora kijiji cha wavuvi ndani ya kijito kimoja, nataka mzee asimame upande huu amwite mwanawe upande wa pili alete ngalawa. Nikapima upana wa kijito, kwa kipimio changu kipya ni kilomita 13. Anamwita kwa spika za msikitini? Kila kijito cha kilomita moja cha Pemba kwangu kimekuwa ghuba, kila ukanda wa mikoko wa mita 300 umekuwa msitu wa kilomita 4, na vile visiwa vya mtu kwenda kuanika dagaa vimekuwa vikubwa kuliko wilaya. Nilikuwa nimechukua umbo la kitu kidogo nikalivimbisha mara 13, na umbo la pwani halivimbi hivyo, pwani kubwa ina mikunjo mikubwa na ndani ya mikunjo mikubwa kuna midogo na ndani ya midogo kuna midogo zaidi, ukivimbisha unapata mikunjo mikubwa iliyo tupu ndani, laini kama puto. Ukiitazama tu unahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hujui ni nini.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, aliligundua jambo hili kwenye mipaka, akakuta mpaka wa Hispania na Ureno mmoja anasema ni kilomita 987 na mwenzake anasema 1,214, mpaka huohuo mmoja, hakuna aliyeiba ardhi, ni kwamba ukipima kwa hatua fupi unaingia kona nyingi na urefu unaongezeka. Kwa hiyo hata ukiniambia pwani ya nchi yako ni kilomita 900 nitakuuliza umepima kwa rula au kwa uzi. Nilifuta pwani yote. Nilibakiza kipande kimoja tu cha Pemba, nikakirudisha kwenye ukubwa wake, kikawa kona moja ya kusini, na pale mzee anamwita mwanawe na mwanawe anasikia.

La unene wa kalamu nitalisema haraka maana naona nimeshakula ukurasa. Kwenye ramani ya 1:1,000,000 milimita moja ni kilomita moja. Barabara ya mfalme kwenye gazeti lenu ina milimita moja ya wino, na kwa vile mliipunguza ni kilomita moja na nusu ushee, viwanja vya mpira kumi na tano unavipanga kwa urefu toka ukingo mpaka ukingo. Hiyo tunasamehe, barabara ni alama, ikichorwa kwa upana wake haitaonekana. Lakini mchoraji ameweka na vibanda vya makuti kando ya mto, kila kibanda nusu sentimita. Kibanda cha kilomita nane, mhariri! Alama ya kijiji ni kitone, yatosha. Mlima wake nampa heko, ameuchora na kitako cha sentimita 4, ambacho ni kilomita 67, na Kilimanjaro kitako chake kiko hukohuko kwenye makumi ya kilomita, sijui alijua au alibahatisha. Ila kimo ameuchora sentimita 3. Kilimanjaro yote, mita 5,895, kwa kipimio kile ni milimita tatu na nusu. Lakini mlima wa kwenye hadithi uchorwe mkubwa tu, nani atautaka mlima wa milimita tatu.

Na kama mwandishi anataka kutuonyesha vichochoro vya mji wa juu ambamo binti anakimbizwa, na nasikia anakimbizwa sehemu ya kumi, asijaribu kuviingiza kwenye ramani ya nchi. Mji Mkongwe wa Unguja wote ni kama hekta 96, haifiki kilomita moja ya mraba, kwenye 1:50,000 ni kipande cha sentimita mbili kwa mbili, unaufunika kwa kidole gumba na watalii wake wote. Kichochoro cha mita mbili kwenye ramani hiyo ni chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, hakuna kalamu ya hivyo. Hapo unahitaji ramani ya pili, 1:2,500 angalau, kichochoro kinakuwa karibu milimita moja na unaona mlango uko upande gani. Nchi kwenye ramani yake, mji kwenye ramani yake, na kijisanduku kwenye ramani ya nchi kinachoonyesha mji uko wapi. Watu wa Ramani Huria waliotembea mitaa ya Dar mwaka 2015 kuchora mifereji na nyumba kwa ajili ya mafuriko wangekuambia hilohilo, mfereji wa mtaa hauonekani kwenye ramani ya mkoa, lazima ushuke. Na hapa ndo watu wanachanganya, ramani ya kipimio kikubwa ni ile inayoonyesha eneo dogo, 1:2,500 ni kubwa kuliko 1:1,000,000, nimegombana na walimu wawili dukani kwa hili.

Halafu msije mkaniambia basi tuichore nchi nzima kwa 1:50,000 tumalize ubishi. Karatasi moja ya hizo za serikali ni robo ya nyuzi kila upande, kama kilomita 28 kwa 28. Nchi ya ukubwa wa Tanzania inataka karatasi zaidi ya 1,200. Mi Ukambare nimefika karatasi ya 31 na nywele zinaanza kuwa nyeupe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Jumapili ijayo rudisheni ramani, mfute ile namba, mchoraji achore mstari kwenye karatasi yake, sentimita 6, aandike 0, 20, 40, 60, kilomita, basi, mkiipunguza mnavyotaka hatuwadai. Na mwandishi amrudishe binti njiani. Kwa hesabu yangu toka asubuhi ile ya chai mpaka saa ya kuwashwa taa alikuwa hajamaliza hata sentimita mbili za kwenye gazeti, hajafika hata penye ule mti mkubwa aliouchora mchoraji kabla ya daraja. Giza linaingia, ana barua ya mfalme kifuani, na kijiji cha karibu kwenye ramani yenu hakipo. Mchoreeni hata kitone kimoja alale.

Wenu msomaji,
Mwenye stesheneri,
Morogoro